Nini Kitangulie kwa Mtoto wa Mwankoko?

Mzazi mwenye mtoto mdogo katika kata ya Mwankoko, Manispaa ya Singida, hupokea maagizo mengi kwa mkupuo. Kliniki inamwambia ampe mtoto vyakula vya makundi yote. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anamtaka azungumze na mtoto na kucheza naye tangu siku za kwanza. Shule ya msingi inamsubiri mtoto huyo darasa la awali akitimiza miaka 5, na mjini vipo vituo vya kulelea watoto mchana vinavyopokea wadogo zaidi. Kaya ikiwa kwenye orodha ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, inapewa ruzuku na kukumbushwa mahudhurio ya kliniki. Nyuma ya kila agizo wapo wataalamu, na kila agizo hutolewa kana kwamba ndilo la kwanza. Mzazi anayechanganyikiwa hapo hana kosa, kwa kuwa hata watafiti wa vyuo vikuu waliozaa maagizo hayo bado wanabishana.

Ubishi wao una manufaa ukisomwa vizuri. Baadhi ya tafiti nzuri kuliko zote kuhusu jambo hili zimefanyika hapahapa Singida, Mara, Morogoro, Pemba na magharibi mwa Kenya. Tafiti hizo zikiwekwa pamoja, kinajitokeza kipimo ambacho maagizo mengi hayakitaji: saa alizonazo mama kwa siku. Shauri lolote la malezi linakula saa hizo au linaziokoa, na hapo ndipo linapofaulu au kushindwa.

Tulikotoka

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi jumuishi wenye nguzo 5: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ulitanguliwa na mfululizo wa makala za jarida la Lancet mwaka 2016, zilizokadiria kwamba watoto milioni 250 walio chini ya miaka 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati wamo hatarini kutofikia uwezo wao. Tanzania iliuchukua mwongozo huo na Desemba 2021 ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, yaani PJT-MMMAM, kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Inawahusu watoto tangu kutungwa mimba hadi miaka 8, na inaratibiwa na wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii.

Takwimu zinaonyesha kwa nini programu hiyo ilihitajika. Udumavu nchini ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, ukashuka hadi 34 katika utafiti wa 2015/16, kisha 30 mwaka 2022. Ni maendeleo makubwa. Lakini utafiti huohuo wa 2022, ulipouliza kama watoto wa miezi 24 hadi 59 wako kwenye mwelekeo sahihi wa makuzi, yaani kujifunza, kuongea, kuhusiana na wenzao na kujimudu, ulikuta ni asilimia 47 tu. Nchi inaweza kupunguza watoto wafupi na bado ikawa na watoto wasioitika inavyotakiwa. Ndiyo maana ubishi wa nini kitangulie ni wa kweli.

Singida ina historia ndefu ya kutafitiwa. Mwanaanthropolojia wa Marekani Harold Schneider aliishi na Wanyaturu, wenyeji wa Singida, mwaka 1959 na 1960, akachunguza jinsi nafaka, mifugo na nguvu kazi ya wanawake zinavyobadilishana ndani ya kaya. Kitabu chake kilichapishwa Chicago mwaka 1970. Miaka minane baadaye, mwaka 1978, kikatoka cha Marguerite Jellicoe kuhusu mabadiliko ya jamii katika eneo la Wahi, hapohapo Singida. Vyote viwili viko kwa Kiingereza, na vyote vinasema jambo ambalo mtaalamu wa malezi wa leo angepaswa kuanza nalo: katika nyumba za Wanyaturu, kazi ya shamba na jiko kwa sehemu kubwa imekaa mabegani mwa mwanamke. Elimu hiyo ilipatikana miaka zaidi ya 50 iliyopita. Haikurudi kwa wenyewe kwa lugha wanayoisoma.

Hoja ya kwanza: anza na shamba na sahani

Kambi hii husema kwamba mtoto mwenye njaa hachezi wala hajifunzi. Ushahidi wake wa karibu zaidi na Mwankoko umetoka vijiji vya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, jirani kabisa na Manispaa. Kati ya 2016 na 2019, Chuo Kikuu cha Cornell, Chuo Kikuu cha Northwestern na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ya Arusha, pamoja na ActionAid Tanzania, waliendesha jaribio katika vijiji 20 lenye kaya 591 zenye watoto wachanga. Vijiji vilipangwa kwa bahati nasibu: 10 vikapata mafunzo mara moja, 10 vikasubiri. Kila kijiji cha mafunzo kilichagua wakulima wawili, mwanamke na mwanamume, wakafundishwa kilimo ikolojia, lishe na mgawanyo wa haki wa kazi za nyumbani, kisha wakawafundisha wenzao.

Matokeo yalikuwa mazuri kwa sehemu. Watoto walikula aina nyingi zaidi za vyakula. Wasiwasi wa chakula katika kaya ulipungua. Dalili za sonona kwa akina mama zilipungua, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba sababu mojawapo kubwa ilikuwa uhakika huo wa chakula. Lakini urefu na uzito wa watoto haukubadilika.

Wapo wanaosoma sentensi hiyo ya mwisho na kusema mradi ulishindwa. Ninaona wanakosea. Urefu wa mtoto huamuliwa na mengi ambayo shamba haliyafikii ndani ya misimu miwili: afya ya mama kabla na wakati wa ujauzito, kuhara kwa mara kwa mara, maji, na uzito wa kuzaliwa. Mradi ulipima urefu kwa sababu urefu ndio uliozoeleka kupimwa. Kilichobadilika, yaani sahani ya mtoto na moyo wa mama, ni mambo yenye uzito wake katika makuzi, hata kama hayaonekani kwenye ubao wa kupimia urefu.

Udhaifu halisi wa hoja hii upo kwingine. Kilimo cha kuchanganya mazao na kusambaza samadi kinataka mikono, na Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Palizi ya uwele, mtama na alizeti haisubiri. Mume asipoingia kwenye mgawanyo wa kazi, kunde na njugu mawe zinazolengwa kumlisha mtoto zinamwondolea mama mtoto mgongoni na kumwacha kwa dada yake wa miaka 7. Watafiti wa Singida waliliona hilo, ndiyo maana hawakufundisha kilimo peke yake. Nchi inaponakili mradi kama huu, sehemu ya mgawanyo wa kazi ndiyo hukatwa kwanza, kwa kuwa haina mbegu za kugawa wala picha ya kupiga.

Hoja ya pili: anza na maneno na michezo

Msingi wa kambi hii ulijengwa Kingston, Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 Sally Grantham-McGregor na wenzake wa Chuo Kikuu cha West Indies waliwachukua watoto 129 wenye udumavu, wa miezi 9 hadi 24. Wengine walipewa chakula cha ziada, wengine walitembelewa nyumbani kila wiki na mhudumu aliyewaonyesha mama zao namna ya kucheza na kuongea nao, wengine walipata vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Hii iliendelea kwa miaka 2. Watoto hao wakafuatiliwa hadi utu uzima, na mwaka 2014 jarida la Science lilichapisha matokeo: waliotembelewa kwa ajili ya michezo walikuwa wakipata kipato cha juu kwa takribani asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Chakula cha ziada peke yake hakikuacha alama kama hiyo.

Vifaa havikuwa vya dukani. Vilitengenezwa kwa makopo, maboksi na vitambaa. Kwa hiyo hoja ya kwamba michezo ni anasa ya matajiri haisimami. Magunzi, visoda, chupa za plastiki na mabua vinatosha.

Shida ni mhudumu. Kumtembelea kila mtoto kila wiki kwa miaka 2 kunawezekana kwa watoto 129 wa mji mmoja. Kwa kata nzima ya Mwankoko, sembuse mkoa wenye watu wapatao milioni 2, hakuna halmashauri yenye bajeti hiyo. Hapo ndipo utafiti wa magharibi mwa Kenya ulioitwa Msingi Bora ulipofanya kazi kubwa. Watafiti akiwamo Jill Luoto wa taasisi ya RAND na Frances Aboud wa Chuo Kikuu cha McGill waligawa vijiji 60 katika makundi matatu. Baadhi vilipata vikao 16 vya pamoja, kila baada ya wiki mbili, vikiongozwa na wahudumu wa afya wa jamii. Vingine vilipata mchanganyiko wa vikao na ziara za nyumbani. Vya tatu havikupata. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha kwamba vikao vya pamoja vilinyanyua uwezo wa utambuzi na lugha wa watoto, na kwamba kuongeza ziara za nyumbani hakukuleta faida zaidi. Kilicho nafuu ndicho kilichofanya vizuri. Katika utafiti wa sera hilo hutokea mara chache, na lilistahili kusikika kila ofisi ya maendeleo ya jamii kuanzia Kisumu hadi Singida.

Tanzania nayo ina jaribio lake, mkoani Mara, lililoendeshwa na watafiti wa Harvard wakishirikiana na taasisi za hapa nchini. Lilihusu vijiji 80 na kaya 960, na swali lake lilikuwa la busara: je, kufundisha mama peke yake ni sawa na kufundisha mama na baba pamoja, na je, lishe ifundishwe peke yake au ifungwe pamoja na malezi? Hata kabla ya kutazama jibu, swali lenyewe linasahihisha jambo ambalo vipeperushi vyetu hukosea. Karibu kila kipeperushi cha malezi kina picha ya mama na mtoto. Baba hayupo, bibi hayupo, na dada anayembeba mtoto mchana kutwa wakati wa palizi hayupo.

Hoja ya tatu na ya nne: darasa, na fedha mkononi

Kuhusu darasa nitasema kwa ufupi. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliweka mwaka mmoja wa elimu ya awali katika elimu ya lazima, na tangu 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa. Uandikishaji ulipanda, vyumba na walimu havikupanda kwa kasi hiyo. Lyabwene Mtahabwa, aliyekuja kuwa Kamishna wa Elimu, alichapisha mwaka 2010 pamoja na Nirmala Rao wa Chuo Kikuu cha Hong Kong uchunguzi wa madarasa ya awali ya mjini na vijijini. Walionyesha kwamba sera ni moja lakini mtoto wa kijijini hukutana na darasa jingine kabisa: finyu zaidi, lenye msongamano, na mwalimu asiyeandaliwa sawasawa kwa umri huo. Mradi wa EQUIP-Tanzania, ulioanza 2014 na baadaye kuongezewa mikoa ya Singida na Katavi, ulijaribu njia fupi ya utayari wa shule, ukitumia walimu wasaidizi kutoka jamii na hadithi za Kiswahili kwa watoto wanaoanza shule wakiwa na lugha nyingine ya nyumbani. Ni wazo zuri. Hata hivyo darasa huja mtoto akiwa na miaka 5, wakati sehemu kubwa ya jengo la makuzi yake imeshasimama. Darasa la awali linamwokolea mama saa kadhaa kwa siku, na hiyo ni faida isiyotajwa vya kutosha, lakini halichukui nafasi ya miaka mitatu ya mwanzo.

Fedha nazo zina ushahidi. Kabla ya mpango wa kunusuru kaya maskini kuenea nchini, TASAF iliujaribu Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, wilaya hii ya mwisho ikiwa Dodoma, yenye ukame unaofanana na wa Singida. Tathmini ilionyesha watoto wadogo wa kaya zilizopata ruzuku waliugua kwa siku pungufu. Ruzuku ni nguvu ya kweli dhidi ya njaa ya Januari na Februari. Haifundishi mtu kuitika sauti ya mtoto, na haikukusudiwa kufanya hivyo.

Mtoto anapimwa kwa kipimo cha nani?

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na vipimo. Kwa miaka mingi watafiti walipima makuzi ya mtoto wa Afrika kwa vifaa vilivyotungwa Ulaya na Marekani, vikimwonyesha picha za vitu ambavyo hajawahi kuviona. Kazi kubwa ya kurekebisha hilo ilifanyika pwani yetu. Huko Kilifi, Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha makuzi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35 kinachotumia vitu vya mazingira ya mtoto mwenyewe. Leo Abubakar anaongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Watafiti wa Harvard, akiwamo Dana McCoy, walijaribu nchini Tanzania maswali mafupi anayoulizwa mlezi kuhusu anachoweza mtoto wake. Na Shirika la Afya Duniani lilipotunga kipimo chake cha kimataifa, Pemba ilikuwa moja ya sehemu tatu za kwanza kukihakiki, pamoja na Bangladesh na Pakistan.

Vipimo hivyo vipo kwa Kiswahili, lakini katika nyumba nyingi za Mwankoko mtoto huanza kuongea kwa Kinyaturu. Mtoto wa miaka miwili anayeitwa mzito wa maneno kwa kipimo cha Kiswahili anaweza kuwa anatamka mengi kwa lugha ya bibi yake. Lugha hiyo isipohesabiwa, takwimu za Singida zitaendelea kumsema vibaya mtoto ambaye hana tatizo, na huenda zikamkosa mwenye tatizo kweli.

Kupima hoja kwa saa za mama

Turudi kwenye kipimo. Hoja ya shamba inakula saa nyingi za mama, isipokuwa baba akiingia. Hoja ya michezo kwa ziara za nyumbani inakula fedha za serikali. Kwa vikao inakula saa chache za mama kila wiki mbili, na kinachofundishwa humo hakihitaji muda mpya: kuongea na mtoto wakati wa kumwogesha, kumtajia majina ya vitu njiani kwenda kisimani, kumpa kopo na mwiko wakati ugali unasongwa. Darasa na kituo cha mchana vinarudisha saa, lakini kwa mtoto mkubwa au kwa mwenye fedha. Ruzuku inanunua saa kidogo, kwa kuwa inapunguza vibarua vya kulima mashamba ya wengine msimu wa njaa.

Nikipima hivyo, kwa Mwankoko ningeanza na vikao vya pamoja vya wazazi, vikipangwa baada ya mavuno, kati ya Juni na Novemba, na vikibeba lishe na malezi pamoja badala ya kila idara kuja na siku yake. Siku ya Afya na Lishe ipo tayari katika ratiba za vijiji na mitaa. Vikao vinaweza kushikamana nayo. Baba, bibi na watoto wakubwa waalikwe kwa jina la nafasi zao. Kilimo cha mikunde kifuate ndani ya vikundi hivyohivyo msimu wa mvua unapokaribia, kwa masharti ya mgawanyo wa kazi yaliyojaribiwa jirani. Kaya zenye njaa kali zitangulizwe kwenye ruzuku, kwa sababu mama mwenye sonona ya njaa ni vigumu kunufaika na kikao, na utafiti wa Singida umeshaonyesha kwamba uhakika wa chakula hupunguza dalili za sonona.

Mpangilio huo una gharama zake. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wataongezewa mzigo. Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwafundisha na kuwatumia wahudumu 137,294 nchini kwa miaka 5, lakini wahudumu haohao wanatarajiwa pia kufuatilia malaria, kifua kikuu, uzazi wa mpango na chanjo. Malezi yasipoandikwa kwenye majukumu yao kwa saa na kwa posho, yatakuwa la mwisho kila wiki. Kingine: halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5, na fungu hilo ni la lishe. Afisa maendeleo ya jamii anayetaka kuendesha kikao cha malezi huenda kuomba kwenye fungu la mwenzake.

Vyuo vikuu vinadaiwa nini

Chuo kikuu kikubwa cha umma kilicho karibu zaidi na Mwankoko ni cha Dodoma, takribani kilomita 240. Mjini Singida zipo kampasi ya Taasisi ya Uhasibu na kituo cha Chuo Kikuu Huria. Kwa hiyo mtafiti wa malezi huja akiwa mgeni, huhoji, hupima, huondoka, na matokeo hutoka kwa Kiingereza kwenye majarida ambayo muuguzi wa zahanati hayafikii. Utaratibu huu ni wa kawaida, na ni mbaya. Mama aliyetoa saa mbili za siku yake kujibu maswali alitoa kitu cha thamani, na anadaiwa jibu.

Deni hilo linalipika bila fedha nyingi. Mtafiti wa kigeni hawezi kufanya kazi hapa bila kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na tafiti za afya hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Taasisi hizo mbili zinaweza kuweka sharti kwamba ripoti ya mwisho iambatane na kurasa 4 za Kiswahili chepesi, na mkutano mmoja wa mrejesho katika kila kata iliyotafitiwa, ukihudhuriwa na mtendaji wa kata, wauguzi, walimu wa awali na kaya zilizoshiriki. Vyuo vyenye shahada za elimu ya awali, Dodoma na Dar es Salaam, vinaweza kuwatuma wanafunzi wao wa mazoezi kukusanya michezo, bembea na vitendawili vya Kinyaturu na Kinyiramba na kuvigeuza kitini cha vikao vya wazazi. Chuo Kikuu cha Sokoine, chenye wataalamu wa lishe waliobobea, kinaweza kutoa mapishi ya mtoto yanayotumia uwele, mlenda, kunde na dagaa kwa bei za soko la Singida. Na Chuo Kikuu Huria, kilicho tayari mjini, kinaweza kuwa mahali ambapo nakala ya kila utafiti uliofanyika mkoani inawekwa na kusomwa na yeyote.

Kipindi cha kwanza cha PJT-MMMAM kilipangwa kufikia ukomo mwaka wa fedha 2025/26. Mpango unaofuata ukiwa na kifungu cha mrejesho wa tafiti na fungu la malezi kwenye bajeti ya kila halmashauri, afisa wa Manispaa ya Singida atakuwa na cha kushika atakapoulizwa na wazazi wa Mwankoko. Usipokuwa navyo, maagizo yataongezeka, na mama ataendelea kuchagua peke yake lipi aliache.